Unasihi wa lishe kwa simu na video: maswali tunayoulizwa mara kwa mara na watoa huduma

Ukurasa huu ni wa maafisa lishe, wauguzi na washauri wa afya walioanza, au wanaotaka kuanza, kumhudumia mteja ambaye hawako naye chumba kimoja. Maswali yametoka kwa wenzetu, mengine kwenye mafunzo, mengine baada ya zamu ngumu. Anayejibu ni mtu anayeifanya kazi hii kwa simu siku zote, na penye msimamo wangu binafsi nimeusema.

Unasihi kwa simu unasaidia kweli, au ni wa kuzibia pengo tu?

Unasaidia. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani walitoa matokeo ya utafiti wa watu 415 wenye unene uliokithiri na angalau kihatarishi kimoja cha ugonjwa wa moyo. Kundi la kwanza lilihudumiwa kwa simu, tovuti na baruapepe, bila kuonana na mshauri. La pili lilipata hayo hayo, na juu yake likakutana na washauri ana kwa ana. La tatu liliachwa lijiongoze. Baada ya miezi 24 waliohudumiwa kwa mbali walikuwa wamepungua kilo 4.6 kwa wastani, waliokutana na washauri kilo 5.1, na waliojiongoza kilo 0.8. Kati ya kundi la kwanza na la pili tofauti ni nusu kilo.

Hata hivyo, kila ninayemfundisha namsimulia pia utafiti wa pili, uliochapishwa Marekani mwaka 2007. Wanawake 3,088 waliokuwa wametibiwa saratani ya matiti katika hatua za awali waligawanywa makundi mawili, na moja likapewa unasihi wa lishe, sehemu kubwa kwa simu. Wanawake hao waliongeza mboga na matunda kwa kiasi kikubwa, na wakaendelea hivyo kwa miaka. Lakini saratani iliwarudia sawa na wenzao. Simu iliweza kubadilisha kilichomo kwenye sahani. Ugonjwa ulikuwa na mambo yake. Basi usimwahidi mteja zaidi ya kile ambacho chakula chenyewe kinaweza kufanya.

Mteja yupi anafaa kuhudumiwa kwa mbali, na yupi nimwambie aje?

Wengi wanafaa: mwenye kisukari kilichotulia, mwenye shinikizo la damu, mjamzito asiye na matatizo, anayetaka kupunguza au kuongeza uzito taratibu, mzazi anayemwanzishia mtoto vyakula vya nyongeza, na mgonjwa aliyetoka wodini anayehitaji kufuatiliwa.

Aonwe kwanza ana kwa ana mtu anayepaliwa kila akimeza, mwenye figo zilizoshindwa ambaye hana vipimo vya damu vya karibuni, mtoto mwenye dalili za utapiamlo mkali, na mtu ambaye hajala karibu chochote kwa siku nyingi. Huyu wa mwisho wengi wetu humsahau. Aliyekaa na njaa muda mrefu akianza kula kwa wingi ghafla, madini ya fosfeti, potasiamu na magnesi hushuka katika damu, na moyo unaweza kusimama. Hilo si jambo la kusimamia kwa simu hata kama mteja ana sauti nzuri na anakushukuru sana.

Simu ya sauti au video?

Ile ambayo mteja anaimudu bila kuhangaika. Nimeona washauri wakitumia dakika kumi na tano za miadi kumwelekeza mzee wa watu namna ya kuwasha kamera, na walipofanikiwa hakuna aliyebakiwa na nguvu ya kuzungumza juu ya chakula.

Sauti tupu ina faida zake. Watu husema mambo ya uzito na ulaji kwa uhuru zaidi wasipotazamwa, na mteja anaweza kukusikiliza huku amesimama jikoni kwake mkono mmoja uko kabatini. Video ifungue pale ambapo jicho linahitajika: miguu iliyovimba, mtoto anavyonyonya, lebo ya pakiti yenye maandishi madogo, au kiasi cha mafuta kinachomiminwa sufuriani.

Kwa mtu mwenye matatizo ya ulaji, au anayeuchukia mwili wake, video ina tatizo la pekee: muda wote anajitazama mwenyewe kwenye kioo. Mwelekeze aizime picha yake upande wake huku akiendelea kukuona wewe, na asipotaka video kabisa usimlazimishe.

Dakika za mwanzo za simu ya kwanza nifanye nini?

Jitambulishe, kisha hakikisha unayezungumza naye ndiye: jina kamili na tarehe ya kuzaliwa aitaje yeye, usimsomee wewe. Muulize yuko wapi wakati huo, mahali hasa, kwa sababu akizidiwa katikati ya mazungumzo utahitaji kuwaelekeza watu wa huduma ya dharura. Akikuambia anaendesha gari, mwombe asimame pembeni au mpange saa nyingine. Chukua namba ya pili ya mtu wa karibu. Kubalianeni pia kwamba simu ikikatika wewe ndiye utakayepiga tena, la sivyo mtapigiana wote wawili na kila mmoja atakuta mwenzake anatumika.

Baada ya hapo uliza kama kuna mtu anasikia. Swali hili liwe la kujibika kwa "ndiyo" au "hapana", maana aliye na msikilizaji kando yake hawezi kujieleza. Kwa wateja ambao mambo ya nyumbani ni magumu, mimi hukubaliana nao neno moja la kawaida ambalo akilitaja najua nibadilishe mazungumzo.

Mwisho omba ridhaa: mtazungumza nini, nani ataona kumbukumbu, na kwamba anaweza kusitisha wakati wowote. Mtu akijibu "sawa" haraka haraka, eleza tena kwa maneno mengine.

Nitampimaje mtu nisiyemwona?

Huwezi kupima, lakini unaweza kumsaidia ajipime vizuri na ukajua ni kiasi gani cha kuamini. Inajulikana kwamba watu wakitaja wenyewe, uzito hupunguzwa kidogo na urefu huongezwa kidogo. Wala si ulaghai. Wengi hutaja urefu waliopimwa ujanani.

Kama ana mizani, iwekwe kwenye sakafu ngumu iliyo sawa, mbali na zulia. Apime asubuhi baada ya kwenda haja, kabla ya kula, akiwa na nguo nyepesi, na kila mara kwenye mizani ile ile. Ukiitilia shaka, mwambie apime ndoo tupu, kisha aijaze lita 5 za maji na apime tena. Maji hayo yaongeze kilo 5. Yakiongeza 6, mizani si ya kutupa, bali tegemea mwelekeo wake kuliko namba yenyewe.

Asiye na mizani ana mwili unaosema. Suruali iliyokuwa inabana sasa inahitaji mkanda? Tundu la mkanda limesogea? Pete inazunguka kidoleni? Meno ya bandia yamelegea? Nani kamwambia amekonda, na lini? Kuna swali ninalolipenda kuliko yote: "Mara ya mwisho kupimwa hospitali ulikuwa kilo ngapi, na ulikwenda kwa sababu gani?" Ile sababu humkumbusha tarehe, na tarehe ndiyo tunayoihitaji. Mtu aliyekuwa na kilo 70 miezi minne iliyopita na sasa ana 62 bila kukusudia amepoteza zaidi ya asilimia 11. Katika kipimo cha uchunguzi kiitwacho MUST, kupungua bila kukusudia kwa zaidi ya asilimia 10 ndani ya miezi 3 hadi 6 kunatosha peke yake kumweka mtu kwenye hatari kubwa ya utapiamlo, hata BMI yake, yaani uwiano wa uzito na urefu, ikiwa bado nzuri.

Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, mzazi anaweza kufundishwa kupima mzunguko wa mkono wa juu kwa utepe: katikati ya bega na kiwiko, mkono ukining'inia umelegea, utepe usikaze wala usilegee. Chini ya milimita 115 ni utapiamlo mkali, na kuanzia 115 hadi chini ya 125 ni wa kadiri. Mwambie pia abonyeze juu ya miguu yote miwili kwa vidole gumba kwa sekunde tatu. Vikibaki vishimo miguu yote miwili, hiyo ni safari ya kituo cha afya leo, hata kama utepe umeonyesha salama.

Nawezaje kujua alichokula bila kumchosha, na bila majibu ya "kawaida tu"?

"Kawaida tu" mara nyingi ni jibu la swali letu wenyewe. Ukimuuliza mtu "Unakula vizuri?" unamwomba akuridhishe. Uliza siku moja iliyo dhahiri: jana, tangu alipoamka hadi alipolala.

Njia iliyopimwa vizuri zaidi ni ya awamu tano, iliyotengenezwa na Idara ya Kilimo ya Marekani. Kwa miaka mingi utafiti wa taifa wa afya na lishe wa nchi hiyo uliitumia hivi: mtu alihojiwa mara ya kwanza ana kwa ana, akapewa vikombe na vijiko vya kupimia pamoja na kitabu cha picha za vipimo aende navyo nyumbani, kisha siku 3 hadi 10 baadaye akahojiwa tena kwa simu. Kwa hiyo kuhoji ulaji kwa simu kulikuwapo muda mrefu kabla ya 2020, mwaka ambao Uviko-19 ulitufungia sote ndani.

Kwanza mwache ataje vyote harakaharaka, usimkatize hata akiruka. Pili, uliza vinavyosahaulika: vinywaji, sukari ndani ya vinywaji, vitafunwa, matunda, mkate, kilichoonjwa wakati wa kupika, mabaki ya sahani ya mtoto. Tatu, saa na tukio la kila mlo. Nne, rudi kwa kila chakula: kiasi gani, kimepikwaje, kimeongezwa nini, kimebaki nini. Tano, mrudishie nafasi: "Kuna kingine, hata kidogo, ambacho hatujakitaja?"

Katika awamu ya nne ndipo simu inapoishinda ofisi. Ofisini ningemwonyesha kikombe changu, naye angekisia. Nyumbani kwake yuko na kikombe chake. "Mama, hebu kachukue bakuli ulilolia jana, ujaze maji mpaka pale chakula kilipofika, halafu umimine kwenye chupa uliyonayo tuone ni kiasi gani." Mama mmoja alinicheka kwanza, kisha akakaa kimya. Bakuli alilokuwa akiliita dogo lilijaza chupa ya lita moja na maji mengine yakabaki. Sikuwa na haja ya kumweleza chochote.

Siku moja haitoshi kumjua mtu. Hoji angalau siku mbili zisizofuatana, moja ikiwa ya mapumziko.

Vipi kuhusu picha za chakula?

Ni msaada mzuri kwa asiyependa kuandika. Aombwe picha mbili, kabla na baada ya kula, kutoka pembeni kidogo badala ya juu kabisa ili kina cha sahani kionekane, na pawepo kijiko au kitu kingine kinachojulikana ukubwa wake. Mafuta, chumvi na sukari havionekani pichani, kwa hiyo maswali yako palepale. Asitume picha zenye sura za watoto au watu wengine.

Nikihisi mteja ananidanganya?

Nakuomba neno hilo uliache kabisa. Tafiti zilizopima nishati inayotumiwa na mwili kwa maji yenye alama maalumu zimeonyesha tena na tena kwamba watu, hata wasomi, hutaja chakula pungufu ya walichokula. Tatizo hili ni la binadamu wote, na aibu hulizidisha.

Sauti yako ndiyo uso wako. Mteja haoni ukitabasamu au ukiandika. Anasikia tu kimya, na kimya cha simu kina tafsiri nyingi. Mpe "mhm", "naam", "naendelea kukusikiliza". Ukitaka kuandika, sema unaandika. Lakini baada ya swali zito mpe nafasi, hesabu moyoni hadi tano kabla ya kuongeza neno. Yale niliyoyajua ya maana zaidi kuhusu wateja wangu yalikuja kwenye sekunde ya nne.

Epuka "kwa nini hukufanya", ambalo kwa simu husikika kama karipio. "Ilikuwaje wiki hii?" inatosha. Akikwambia alipanga asinywe vinywaji vyenye sukari akashindwa siku nne, kumbe ameweza siku tatu. Anzia hapo: siku hizo tatu zilikuwa na nini?

Mazungumzo yamekwenda vizuri, lakini wiki ijayo hakuna kilichobadilika. Nimekosea wapi?

Huenda ulimpa mambo mengi. Kwa simu hakuna karatasi ya kushika mkononi. Kinachobaki ni kile alichokisema yeye mwenyewe. Kila simu iishie na jambo moja au mawili, na ayatamke kwa kinywa chake. Mimi husema: "Nataka kujua kama nimeeleza vizuri. Ukimsimulia mtu wa nyumbani tulichokubaliana, utamwambiaje?" Akikosea, eleza wewe upya, usimfanye ajione mjinga.

Halafu ingia kwenye utekelezaji. Nani ananunua chakula? Nani anapika? Lini hasa? Mara nyingi aliye kwenye simu si yeye anayeshika mwiko. Kwa ruhusa yake, mwombe aweke spika ili mpishi naye asikie, na mpishi aulizwe anaonaje. Nilipoteza miezi miwili nikimshauri baba mmoja apunguze chumvi, na kumbe yeye hajui hata chombo cha chumvi kinakaa wapi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, pungufu kidogo ya kijiko kimoja cha chai. Namba hiyo ilikuwa na maana kwa mkewe, si kwake.

Mteja anatumia dawa. Nigusie wapi?

Mwambie alete dawa zote karibu na simu, pamoja na za mitishamba na virutubishi vya kununua, kisha akusomee jina herufi kwa herufi na nguvu yake. Usikubali "ile nyeupe ya presha".

Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, hakatazwi mboga za majani za kijani kibichi. Anatakiwa ale kiasi kinacholingana wiki hadi wiki, kwa sababu vitamini K ikipanda na kushuka dawa nayo huyumba. Aliyetumia metformin, dawa ya kisukari, kwa miaka mingi anaweza kupungukiwa vitamini B12, kwa hiyo ganzi na uchovu visipuuzwe. Na tafadhali usimpendekezee mtu "chumvi mbadala" kabla ya kujua figo zake na dawa zake. Nyingi zimetengenezwa kwa potasiamu, na kwa mgonjwa wa figo, au anayetumia dawa zinazobakiza potasiamu mwilini, huweza kuvuruga mapigo ya moyo. Dozi yoyote ibadilishwe na aliyemwandikia dawa.

Sukari ya mteja ikishuka tukiwa kwenye simu?

Dalili utazisikia: maneno yanaburuzika, anakasirika bila sababu, anarudia swali, anasema anatetemeka au anatokwa jasho. Acha unasihi papo hapo. Kama ana kipimo, apime; chini ya 3.9 mmol/L, ambayo ni 70 mg/dL, imeshuka. Akiwa na akili timamu na anaweza kumeza, apate gramu 15 za sukari inayofanya kazi haraka, kwa mfano vijiko vya chai 3 hadi 4 vya sukari kwenye maji. Apime tena baada ya dakika 15, na arudie kama bado iko chini. Hana kipimo? Atibiwe kana kwamba imeshuka.

Usikate simu katika dakika hizo. Akianza kuchanganyikiwa au asijibu, asipewe kitu mdomoni na mtu yeyote. Tumia simu nyingine kuita msaada, na hapo ndipo utashukuru kwamba uliuliza yuko wapi.

Dalili zipi nyingine zinanitaka nisitishe unasihi?

Kutapika damu, choo cheusi kama lami, kushindwa kumeza hata maji, mtoto aliyelegea au anayekataa kunyonya, kuvimba kwa ghafla, maumivu ya kifua, kuzimia, na mtu anayezungumzia kujiua. Hilo la mwisho hujitokeza zaidi kwa wenye matatizo ya ulaji kuliko tunavyotarajia. Andaa mapema namba za dharura za eneo la mteja. Za eneo lako hazitamfaa.

Mama anayenyonyesha anaweza kusaidiwa kwa simu?

Sana, na saa ambazo anahitaji msaada mara nyingi ni zile ambazo kliniki imefungwa. Hofu yake kubwa ni kwamba maziwa hayatoshi. Uliza vitu vinavyohesabika: kuanzia siku ya tano nepi zenye mkojo ziwe 6 au zaidi kwa saa 24, na watoto wengi hurudia uzito wa kuzaliwa kufikia wiki mbili hivi. Mwombe asogeze simu karibu na mtoto akinyonya, kumeza kunasikika. Kwa video tazama kama mdomo wa mtoto umefunguka sana na kidevu kimegusa titi. Mama akilia, msikilize kwanza. Hizo nepi mtahesabu baadaye.

Tuzungumze muda gani, na mara ngapi?

Simu ya kwanza dakika 45 hadi 60, zinazofuata 15 hadi 30. Mwanzoni kila wiki au kila wiki mbili, kisha mnaachana polepole. Simu fupi za mara kwa mara hushinda moja ndefu kwa mwezi, maana mabadiliko ya ulaji huweza kuvunjika katika siku ambazo bado hujapiga.

Meseji, sauti za kurekodi na makundi ya mtandaoni?

Meseji ni nzuri kwa kukumbusha miadi na kumtia moyo, lakini si kwa majibu ya vipimo. Weka saa za kujibu na uzitangaze, la sivyo mtu atakuandikia usiku wa manane kwamba mtoto hapumui vizuri, akingoja ujibu. Makundi huwapa watu wenzao wa safari, lakini mwanachama yeyote ataona namba na majina ya wengine. Anayejiunga aambiwe hilo kabla ya kuingia, na habari za ugonjwa wa mtu zisijadiliwe humo.

Programu za kuhesabu kalori na roboti za kujibu zinaweza kuchukua nafasi yangu?

Programu humsaidia mtu anayependa namba, ingawa kwenye nyingi taarifa za vyakula huingizwa na watumiaji wenyewe na makosa ni mengi. Kwa mwenye historia ya matatizo ya ulaji, mimi huomba aifute. Kuhusu roboti, kumbuka ya mwaka 2023 kule Marekani: shirika moja linalosaidia wenye matatizo ya ulaji liliondoa roboti yake ya mazungumzo baada ya kulalamikiwa kwamba iliwapa watu ushauri wa kupunguza uzito. Mtu yule yule anayeomba msaada wa kula aliambiwa namna ya kula kidogo. Mashine ipange miadi. Anayeteseka azungumze na mtu.

Siri za mteja nizilinde vipi nikifanya kazi nyumbani?

Chumba kilichofungwa, vifaa vya masikioni, simu yenye nywila, na namba ya kazi iliyo tofauti na yako binafsi. Usirekodi mazungumzo bila ridhaa iliyo wazi, na kama huna sababu ya kurekodi, usirekodi kabisa. Picha za mteja zihamie kwenye faili lake kisha zifutwe kwenye simu. Nyingine hujihifadhi zenyewe kwenye albamu ya familia bila wewe kujua. Zaidi ya hayo, fuata sheria ya taarifa binafsi inayokuhusu. Katika Umoja wa Ulaya, kwa mfano, kanuni iliyoanza kutumika Mei 2018 inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la ulinzi wa pekee.

Mteja akisafiri au kuhamia nchi nyingine, niendelee naye?

Uliza kabla ya kuendelea. Sehemu nyingi huhesabu kwamba huduma imetolewa pale alipo mteja. Marekani leseni za wataalamu wa lishe hutolewa na majimbo, kwa hiyo hata kuvuka jimbo kunaweza kuwa tatizo. Ukizuiwa, mtafutie mtu wa huko na umkabidhi kwa maandishi.

Mteja hasikii vizuri, au hatuzungumzi lugha moja.

Kwa asiyesikia vizuri, video yenye mwanga usoni pako ili asome midomo, na muhtasari kwa maandishi baada ya simu. Usipaze sauti, punguza kasi. Kwa lugha tofauti, tumia mkalimani aliyefunzwa kwenye simu ya watu watatu, na zungumza na mteja, si na mkalimani. Mtoto wa mteja asifanywe mkalimani wa ugonjwa wa mzazi wake.

Niandike nini baada ya simu?

Kila ambacho ungeandika baada ya kuonana naye, na juu yake: ilikuwa sauti au video, alikuwa wapi, nani mwingine alikuwapo, ridhaa ilitolewaje, na simu ilidumu muda gani. Kila kipimo kiandikiwe kama alijipima mwenyewe au alitaja kwa kumbukumbu. Atakayelisoma faili hilo baada yako hatajua kwamba kilo 62 zilitoka kwenye mizani iliyozidisha kilo moja usipoandika.

Mteja ameacha kupokea simu. Nimwache?

Jaribu mara tatu kwa siku na saa tofauti. Ukituma meseji isitaje ugonjwa wala lishe, maana hujui nani anaishika simu hiyo. Jina lako na "nitakupigia Alhamisi saa nne" zinatosha. Wengine huacha kupokea kwa sababu hawakutekeleza mlichokubaliana na wanaona haya. Akipokea, usianze na mpango. Muulize hali yake, na usubiri ajibu.